Matundu Badala ya Vali: Mageuzi ya Pikipiki za Mipigo Miwili

Injini ya mipigo miwili huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kila krenki inapokamilisha mzunguko mmoja. Injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili kwa kazi hiyohiyo. Kwa hesabu ya karatasi, silinda ya mipigo miwili ingepaswa kutoa karibu nguvu maradufu ya ile ya mipigo minne yenye ujazo sawa. Kwa miongo mingi haikuwa hivyo. Hadi miaka ya 1950, ukiondoa chache zilizovuma, pikipiki za mipigo miwili zilikuwa vyombo vya bei nafuu, vyenye moshi na visivyo na mbio. Kufikia 1975 hali ilikuwa imegeuka: Giacomo Agostini alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la cc 500 akiwa juu ya Yamaha ya mipigo miwili, na kwa zaidi ya robo karne iliyofuata daraja hilo halikuchukuliwa na injini ya aina nyingine. Kilichobadilika kati ya nyakati hizo mbili ni namna gesi inavyopitishwa ndani ya injini.

Tatizo la msingi

Katika mipigo minne, vali zilizo juu ya silinda hufunguliwa na kufungwa na kemshafti. Mipigo miwili ya kawaida haina vali hizo. Ukutani mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe huyafunika na kuyafunua inapopanda na kushuka. Inapopanda, upande wa juu hukandamiza mchanganyiko ulio tayari kuwaka, huku upande wa chini ukivuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya kesi ya krenki. Plagi ikishapiga cheche, pistoni hushuka. Hufunua kwanza tundu la kutolea moshi, kisha matundu ya kupitishia, na mchanganyiko uliobanwa ndani ya kesi hupanda, huingia silindani na kuusukuma moshi nje.

Ugumu wote umo katika nukta hiyo. Pistoni ikiwa chini, tundu la kutolea na matundu ya kupitishia huwa wazi kwa pamoja. Moshi unatakiwa utoke, mchanganyiko mpya unatakiwa ubaki, na hakuna kizuizi kati yao. Tena, kwa kuwa pistoni hushuka na kupanda kwa mwendo uleule, tundu linalofunguka nyuzi 90 kabla ya pistoni kufika chini litafungwa nyuzi 90 baada ya hapo, wala fundi hana njia ya kubadili upande mmoja bila kuugusa wa pili. Wasanifu wa injini hizi wamekuwa wakitafuta vitu vingine vya kushika kazi ya vali: kichwa cha pistoni, umbo la matundu, diski, vibamba vya chuma, na hatimaye mawimbi ya shinikizo ndani ya ekzosi.

Mwanzo: Clerk, Day na Scott

Dugald Clerk wa Scotland alipata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka 1881. Yake ilitumia silinda ya pili kama pampu ya kusukumia mchanganyiko. Joseph Day wa Bath, Uingereza, aliiondoa pampu hiyo mwaka 1891 kwa kuitumia kesi ya krenki kubana mchanganyiko. Injini yake ya kwanza bado ilikuwa na vali ndogo ya kuingizia. Mfanyakazi wake, Frederick Cock, aliiondoa hiyo pia mwaka 1892 kwa kuacha sketi ya pistoni ifungue na kufunga tundu la kuingizia. Ndivyo ilivyopatikana injini yenye sehemu kuu tatu tu zinazotembea: pistoni, koni rodi na krenki.

Aliyeonyesha kwamba injini hiyo inaifaa pikipiki ni Alfred Angas Scott wa Bradford. Pikipiki zake zilizoanza kuuzwa mwaka 1908 zilikuwa na silinda mbili, zikipoozwa kwa maji kwenye vichwa vya silinda wakati karibu kila mtengenezaji mwingine alitegemea upepo. Mipigo miwili huzalisha joto kila mzunguko, na pistoni isiyopata nafasi ya kupoa hutanuka hadi ikanasa silindani. Katika mashindano ya Isle of Man, Scott ilishinda Senior TT mwaka 1912 na tena 1913. Injini hizo za mashindano zilikuwa na vali ya kuzunguka iliyoendeshwa pamoja na krenki, dalili ya mapema kwamba pistoni peke yake haitoshi kuongoza gesi.

Pistoni yenye kigongo

Kwa miaka zaidi ya 30, njia ya kawaida ya kuzuia mchanganyiko mpya usipitilize hadi kwenye ekzosi ilikuwa kigongo juu ya pistoni. Tundu la kupitishia lilikuwa upande mmoja wa silinda na la kutolea upande wa pili. Mchanganyiko ulipoingia uligonga kigongo, ukapinda kwenda juu kuelekea plagi, kisha ukashuka ukiusukuma moshi mbele yake.

Mbinu hiyo ilifanya kazi kwa mwendo wa polepole tu. Kigongo kiliiongezea pistoni uzito, na uzito wa pistoni ndio hasa unaozuia injini kuzunguka haraka. Kilinyonya joto upande mmoja, hivyo pistoni ikatanuka bila usawa na kulazimu iachiwe nafasi kubwa silindani. Pia kililazimisha chemba ya kuwakia iwe na umbo la ajabu, ambalo halikuruhusu mkandamizo mkubwa. Injini za aina hiyo zilidumu kwa sababu zilikuwa rahisi kutengeneza.

Schnürle na DKW

Ufumbuzi ulitoka Ujerumani. Adolf Schnürle, mhandisi wa Deutz, alipata hataza mwaka 1925 ya kupanga matundu mawili ya kupitishia pande zote mbili za tundu la kutolea, yote yakielekezwa nyuma, mbali na tundu hilo. Mikondo miwili ya mchanganyiko hukutana kwenye ukuta wa nyuma, hupanda pamoja, hupinda chini ya kichwa cha silinda, kisha hushuka upande wa mbele ikiufukuza moshi. Kazi ya kigongo ilichukuliwa na mwelekeo wa gesi yenyewe, na pistoni ikaweza kuwa bapa, nyepesi na yenye joto lililosambaa sawasawa.

Deutz ililenga dizeli. Haki ya kuutumia mpango huo kwenye injini za petroli ilichukuliwa na DKW ya Zschopau, Saxony, kampuni iliyoanzishwa na Mdenmark Jørgen Skafte Rasmussen. Mwishoni mwa miaka ya 1920 DKW ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilianza kuuza pikipiki zenye matundu ya Schnürle. Kilele chake kwa upande wa matumizi ya kila siku kilikuwa RT 125, iliyobuniwa na Hermann Weber na kutolewa mwishoni mwa muongo huo: silinda moja, gia tatu, injini na giaboksi ndani ya kesi moja.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, hataza za Wajerumani zilikuwa wazi kwa washindi, na RT 125 ikaigwa kuliko karibu pikipiki nyingine yoyote. Wasovieti walihamisha mitambo ya Zschopau na kuanza kutengeneza Moskva M1A mwaka 1946. Harley-Davidson ilitoa ya kwake kwa mwaka wa 1948. Mwaka huohuo BSA ya Uingereza ilianza kuuza Bantam, ambayo injini yake ilikuwa RT 125 iliyogeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu waendeshaji wa Uingereza walizoea kubadili gia kwa mguu wa kulia. Yamaha nayo ilianza biashara ya pikipiki mwaka 1955 kwa YA-1, iliyofuata mchoro huohuo.

Marufuku ya 1946

Kabla ya vita DKW ilikuwa na pikipiki za mashindano za aina nyingine kabisa. Silinda mbili zilishiriki chemba moja ya kuwakia. Pistoni moja ilifunua matundu ya kupitishia na ya pili matundu ya kutolea, na pampu ya ziada ililazimisha mchanganyiko kuingia. Ewald Kluge alishinda Lightweight TT mwaka 1938 kwa pikipiki ya namna hiyo. Ilikuwa na nguvu, kelele isiyomithilika na kiu kubwa ya petroli, kwani sehemu ya mchanganyiko uliosukumwa kwa nguvu ilipitiliza moja kwa moja hadi nje.

Mwaka 1946 FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, lilipiga marufuku pampu za kuongeza shinikizo. Amri hiyo iliigonga mipigo miwili kuliko mipigo minne. Aliyetaka kushinda sasa alipaswa kupata njia ya kuijaza silinda kupita kiasi bila pampu.

Kaaden na ekzosi yenye tumbo

Zschopau ilibaki Ujerumani Mashariki, na kiwanda kikawa cha serikali, kwanza chini ya jina la IFA na baadaye MZ. Mwaka 1953 idara yake ya mashindano ilikabidhiwa Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alifanya kazi Henschel kwenye silaha za roketi. Fedha zilikuwa chache na vyuma bora havikupatikana kwa urahisi. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kupima: kwa kutumia osiloskopu aliona jinsi shinikizo linavyopanda na kushuka ndani ya bomba katika sehemu za elfu za sekunde. Alifanya mambo matatu.

La kwanza lilikuwa diski ya kuingizia, ambayo Daniel Zimmermann alikwisha kuijaribu kwenye IFA ya mashindano. Diski nyembamba ya chuma hufungwa kwenye ncha ya krenki, ikiwa imekatwa pengo upande mmoja. Pengo likipita mbele ya tundu, mchanganyiko huingia. Likishapita, mlango umefungwa. Kwa kuwa diski haifuati mwendo wa pistoni, tundu linaweza kufunguliwa mapema pistoni inapoanza kupanda na kufungwa punde inapoanza kushuka, kabla mchanganyiko haujarudishwa kwenye kabureta. Minyororo ya usawa wa pande mbili ilivunjika kwa upande wa kuingizia. Gharama yake ilikuwa upana wa injini, maana kabureta ilibidi ikae ubavuni.

La pili lilikuwa tundu la tatu la kupitishia, lililowekwa mkabala na tundu la kutolea na kulishwa kupitia dirisha lililotobolewa kwenye pistoni. Liliongeza mchanganyiko, na ule mchanganyiko baridi ulipopita ulipooza kichwa cha pistoni na beringi ya juu ya koni rodi, sehemu mbili zilizokuwa zikiungua kwanza.

La tatu, na kubwa kuliko yote, lilikuwa ekzosi. Kaaden hakuwa wa kwanza kujaribu ekzosi iliyopanuka. Erich Wolf wa DKW alikuwa ameshatumia umbo la namna hiyo. Kaaden ndiye aliyelifanya kuwa kifaa kinachopimika. Ekzosi yake huanza kama bomba jembamba, hupanuka kama koni hadi kuwa tumbo, kisha husinywa na koni ya pili na kumalizikia kwenye kijibomba chembamba.

Tundu la kutolea linapofunguka, gesi ya moto hutuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Likifika kwenye koni inayopanuka, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa wimbi la mvuto. Wimbi hilo hufika silindani wakati matundu ya kupitishia yamefunguka. Hunyonya moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kesi, hata kiasi kingine hupitiliza na kuingia kwenye ekzosi. Wakati huo wimbi la kwanza limeendelea mbele hadi kwenye koni inayosinyaa. Hapo hurudi likiwa bado la msukumo, na hufika kwenye tundu baada ya matundu ya kupitishia kufungwa lakini kabla ya lile la kutolea kufungwa. Mchanganyiko uliokuwa umetoroka husukumwa na kurudishwa silindani. Kwa kitambo hicho, ekzosi ni pampu na vali kwa pamoja, bila sehemu yoyote inayotembea.

Urefu wa bomba hutokana na hesabu ya muda. Kwa mizunguko 10,800 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 5.6 hivi. Tundu la kutolea likiwa wazi kwa nyuzi 190, lina milisekunde 2.9. Wimbi linalosafiri katika gesi ya moto kwa takriban mita 500 kwa sekunde litakwenda karibu mita 1.5 kwa muda huo, yaani sentimita 70 na kitu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Koni ya kurudishia wimbi lazima iwe karibu na umbali huo. Bomba likifupishwa, wimbi huwahi, na nguvu huhamia kwenye mizunguko ya juu zaidi. Likirefushwa, huchelewa, na nguvu hushuka chini.

Matokeo yalionekana mapema. Horst Fügner aliipatia MZ ushindi wa Grand Prix ya Sweden daraja la 250 mwaka 1958. Kufikia 1961 injini ya 125 ilikuwa ikitoa nguvu farasi 25 kwa mizunguko 10,800, sawa na nguvu farasi 200 kwa kila lita ya ujazo, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na injini isiyo na pampu ya kuongeza shinikizo.

Siri inahamia Japani

Septemba 1961, Ernst Degner, dereva wa MZ aliyekuwa akiongoza ubingwa wa daraja la 125, alitoroka kwenye Grand Prix ya Sweden huko Kristianstad, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kujengwa, na familia yake ikavushwa kwa siri hadi Magharibi. Alijiunga na Suzuki, akiwa na maarifa ya Kaaden. Mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja jipya la 50, taji la kwanza la Suzuki na la kwanza kwa injini ya mipigo miwili. Yamaha ilifuata mwaka 1964, Phil Read akichukua ubingwa wa daraja la 250 kwa RD56 iliyokuwa na diski za kuingizia.

Ekzosi yenye tumbo ilikuja na kasoro yake. Mawimbi hufika kwa wakati kwenye mizunguko fulani tu. Chini au juu ya hapo yanaweza kuharibu kazi badala ya kuisaidia. Kadiri nguvu ilivyoongezwa, ndivyo eneo lenye nguvu lilivyozidi kuwa finyu, na jibu la kwanza likawa kuongeza gia. Suzuki ya 50 ya mwaka 1967, yenye silinda mbili na mizunguko zaidi ya 17,000 kwa dakika, ilikuwa na gia 14. FIM ilikomesha mbio hizo kwa kuweka kikomo cha gia sita na kupunguza idadi ya silinda, kuanzia na daraja la 50 mwaka 1969.

Kutoka uwanjani hadi barabarani

Pikipiki ya kuuzwa dukani ilikuwa na mahitaji mengine. Kesi ya krenki hutumika kupitishia mchanganyiko, kwa hiyo haiwezi kuhifadhi oili, na oili ilibidi ichanganywe na petroli. RT 125 ilitumia lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli. Kiasi hicho kilikuwa kingi mno injini ikiwa taratibu, plagi zikashika masizi, na kidogo mno ikibanwa sana. Mwaka 1964 Yamaha ilileta Autolube: tangi la oili la peke yake na pampu iliyounganishwa na kebo ya mafuta, hivyo oili ikaongezeka kadiri mpanda pikipiki alivyofungua.

Hatua iliyofuata ilikuwa vali ya vibamba kwenye njia ya kuingizia. Vibamba vyembamba vinavyopinda hufunguka vyenyewe kesi inapovuta na hujifunga shinikizo linapogeuka. Vilifanya kazi ya diski bila kupanua injini, na viliruhusu tundu la kuingizia kubaki wazi kwa muda mrefu bila mchanganyiko kurudi kwenye kabureta. Yamaha RD350 ya mwaka 1973 ilivitumia, na kwa injini ndogo ikapata nguvu hata katika mizunguko ya chini. Kawasaki ilipita njia ya mabavu: H1 ya mwaka 1969 ilikuwa na silinda tatu, ujazo wa 498 na nguvu farasi 60, na mlipuko wake wa ghafla katikati ya mizunguko ulihitaji mikono yenye uzoefu. Suzuki iliyarejea maji ya Scott katika GT750 ya mwaka 1971.

Tatizo la eneo finyu la nguvu lilipata dawa kwenye tundu la kutolea lenyewe. Yamaha iliweka kipande cha kuzunguka kwenye dari ya tundu hilo, kwanza katika pikipiki za mashindano za 500 mwaka 1977, kisha barabarani katika RD350 ya mwaka 1983 chini ya jina la YPVS. Mizunguko ikiwa chini, kipande hushuka na kulifanya tundu lifunguke kwa kuchelewa. Ikipanda, mota ndogo ya umeme hukiinua. Vali iliyoondolewa na Cock mwaka 1892 ilikuwa imerudi, safari hii upande wa kutolea na ikiongozwa na kompyuta ndogo. Honda, iliyokuwa imeshikilia mipigo minne kwa NR500 yenye pistoni za mviringo uliorefuka, ilikubali yaishe. NS500 yake ya mipigo miwili ilimpa Freddie Spencer ubingwa mwaka 1983.

Afrika ilizifahamu injini hizi kwa sura ya kazi zaidi kuliko ya mbio. Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand, na DT125 zilikuwa vyombo vya kawaida vya mabwana shamba, wahudumu wa afya na mashirika ya misaada. Uchache wa sehemu zake ulimaanisha fundi wa kijijini aliweza kufungua kichwa, kukwangua masizi, kubadili ringi na kuichoma ekzosi iliyoziba, bila kugusa mnyororo wa taimingi wala kupima nafasi za vali. Autolube iliondoa pia kazi ya kuchanganya oili kwa kukisia.

Lisilotatuliwa

Mbinu zote hizo ziliupunguza mchanganyiko unaopotea bila kuumaliza. Katika baadhi ya hali injini ya kabureta huweza kutoa nje hata robo ya petroli bila kuichoma, pamoja na oili inayoungua kuwa moshi wa bluu. Kanuni za Marekani za hewa chafu kwa pikipiki zilizoanza kwa matoleo ya mwaka 1978 ziliziondoa nyingi sokoni humo, na sheria za nchi nyingine zikafuata. Pikipiki za bodaboda zinazojaa barabara za Afrika Mashariki leo ni za mipigo minne karibu zote.

Katika Grand Prix, pikipiki za 500 za mwisho zilikuwa zikitoa zaidi ya nguvu farasi 180. Mwaka 2002 kanuni za daraja hilo, sasa likiitwa MotoGP, ziliruhusu mipigo minne ya ujazo wa 990, na ushindani ukaisha upesi. Daraja la 250 lilifuata mwaka 2010 na la 125 mwaka 2012.

Ili kuzuia upotevu wa petroli, ilipasa iingie baada ya hewa kuanza kuusafisha moshi. Bimota ilijaribu kunyunyizia mafuta moja kwa moja silindani katika 500 V-Due ya mwaka 1997, lakini mfumo haukutulia na pikipiki hiyo ikachangia kuanguka kwa kampuni. KTM ilifanikiwa zaidi mwaka 2017 kwa pikipiki za enduro zinazonyunyizia petroli ndani ya njia za kupitishia, huku oili ikiletwa na pampu yake. Injini hizo hazihitaji tena petroli kuchanganywa na oili, na hutumia petroli kidogo kuliko zile za kabureta. Ndani ya silinda, matundu yake bado yamepangwa kwa kanuni ya Schnürle, na ekzosi yake bado ina koni mbili.